Kabla hujanunua rangi ya kuchorea picha, geuza tyubu usome nyuma

Makala hii imetokana na swali la msikilizaji mmoja kijana wa Iringa aliyepiga simu kwenye kipindi cha asubuhi. Anachora picha za watu kwa rangi za mafuta, na hiyo ndiyo kazi inayomlipia pango. Aliuliza hivi: "Dada mtangazaji, mbona nyekundu ninayonunua inapauka kabla mteja hajamaliza hata miaka miwili nayo? Wateja wananiona tapeli."

Kwa dakika mbili za hewani sikuweza kumjibu ipasavyo. Niliahidi kuandika. Ahadi ni deni, basi leo nalipa.

Kitenge cha bibi kilichopotea

Nilimwelewa haraka yule kijana kwa sababu yalishatukuta nyumbani. Familia yetu ilikuwa na picha moja tu ya babu, ya kamera, nyeusi na nyeupe, iliyoanza kuliwa na unyevu. Tulichanga tukampa mchoraji mmoja wa Mbeya aikuze kwa rangi za mafuta kabla haijaisha kabisa. Babu amekaa kwenye kiti, bibi amesimama pembeni yake. Kwa kuwa picha haikuwa na rangi, bibi mwenyewe ndiye aliyemwambia mchoraji kwamba siku ile alivaa kitenge chekundu, chekundu kama pilipili iliyoiva.

Picha ilipendeza. Tuliitundika sebuleni kwa bibi kule Tukuyu, ukuta unaotazamana na dirisha. Mwaka wa tatu bibi akaniita, akanionyesha kwa kidole. "Mjukuu wangu, kitenge changu mmekipeleka wapi?" Kilikuwa kimebaki rangi ya waridi hafifu, kama shati lililosahaulika kwenye kamba. Midomo nayo ilikuwa imepauka, na uso wa babu umekuwa wa kijivu.

Baba mdogo alitaka mchoraji arudishe pesa. Mchoraji akaja, akaapa kwamba hakutumia rangi ya ukutani, alinunua tyubu za wasanii dukani. Wengine wakasema ni unyevu wa Tukuyu. Ubishi uliisha tulipoivua picha kwenye fremu. Ule ukingo mwembamba uliokuwa umefichwa na mbao za fremu ulikuwa bado mwekundu kama siku ya kwanza. Unyevu ungeingia hata chini ya fremu. Kisichofika chini ya fremu ni mwanga peke yake.

Kisha mchoraji akatoa mfukoni tyubu yenyewe. Mbele iliandikwa jina zuri la rangi na neno la kusifia ubora. Tukaigeuza. Nyuma hapakuwa na kitu zaidi ya nchi ilikotengenezwa. Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na ndicho nitakachoeleza leo: ubora wa rangi ya kuchorea hausomwi mbele ya tyubu, unasomwa nyuma.

Kwanza, "rangi ya mafuta" ipi?

Ukienda duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanjelwa au Miomboni ukaomba rangi ya mafuta, utapewa kopo la rangi ya kung'aa, ile ya milango, madirisha na mageti. Ni rangi halali na ina historia yake katika sanaa yetu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 akitumia rangi za namna hiyo, zile za kupakia baiskeli, juu ya mbao laini za dari. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake unalisha familia nyingi hadi leo.

Rangi ya wasanii ni jamaa wa rangi hiyo. Huuzwa kwenye tyubu ndogo, ni nzito kama dawa ya meno, na hutengenezwa kwa vitu viwili vikuu. Cha kwanza ni pigmenti, yaani unga laini wenye rangi yenyewe. Cha pili ni mafuta yanayokauka, mara nyingi mafuta ya mbegu za kitani, ambayo maseremala wengi wanayajua kwa jina la linsidi. Mafuta yanashika unga kwenye turubai, na unga ndio unaotoa rangi.

Katika tyubu za bei ya chini, zile za wanafunzi, unga wenye rangi hupunguzwa na kuongezwa unga mweupe wa bei rahisi kama chokaa, sawa na kuongeza maji kwenye mchuzi. Hilo peke yake si dhambi kubwa, maana picha itatoka, ila utatumia rangi nyingi zaidi. Dhambi kubwa ni kuweka pigmenti isiyovumilia mwanga, kisha kuipa jina la kuvutia.

Namba ndogo zinazosema ukweli

Mtengenezaji anaweza kuita rangi yake jina lolote, hata "nyekundu ya mfalme". Jina halimfungi. Kinachomfunga ni namba ya pigmenti. Namba hizi zinatoka kwenye orodha ya kimataifa iitwayo Colour Index, iliyoanza kuchapishwa Uingereza miaka ya 1920, na zinatumiwa na watengenezaji wa dunia nzima.

Namba huanza na herufi P, ikimaanisha pigmenti. Inayofuata ni herufi ya familia ya rangi: W ni nyeupe, Y njano, O chungwa, R nyekundu, V zambarau, B bluu, G kijani, Br kahawia, Bk nyeusi. Mwisho ni tarakimu. Basi PR101 ni nyekundu namba 101, na PB29 ni bluu namba 29, iwe imetengenezwa Uholanzi, China au Marekani.

Faida yake uione kwa mfano huu. Kuna rangi maarufu ya wekundu wa damu ya mzee inayoitwa Alizarin Crimson. Tyubu moja yenye jina hilo inaweza kuwa na PR83, pigmenti iliyogunduliwa namna ya kuitengeneza kiwandani mwaka 1868, nzuri kwa macho lakini inayopauka. Tyubu nyingine yenye jina linalofanana inaweza kuwa na PV19, ambayo inavumilia jua vizuri sana. Dukani zinafanana kama mapacha. Namba ndiyo itakayokuambia yupi wa kuoa.

Mambo matatu ya kukumbuka unaposoma namba:

- Tyubu isiyo na namba yoyote, usiitumie kwa kazi ya mteja. Tumia kwa mazoezi.
- Tyubu yenye namba moja inachanganyika vizuri na nyingine bila kutoa tope. Yenye namba tatu au nne tayari ni mchanganyiko. Ukichanganya tena, rangi hufifia na kuwa kama maji ya kufulia.
- Ukiona neno "hue" baada ya jina, maana yake ni mfano wa rangi hiyo, pigmenti ya asili haimo. Si lazima iwe mbaya, ila soma namba ujue kilichowekwa badala yake.

Simu uliyoshika mkononi inatosha kwa kazi hii. Ukiwa dukani, andika namba hiyo kwenye intaneti pamoja na neno "pigment" na utapata maelezo yake.

Jua la nyanda za juu halina mzaha

Wengi tunadhani jua kali ni la Dar es Salaam kwa sababu kule kuna joto. Joto na mionzi ni vitu viwili tofauti. Miale inayounguza ngozi na kupausha rangi huongezeka kadiri unavyopanda juu, kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000, kwa kuwa hewa ya kuichuja inapungua. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700, na Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500. Unaweza kuwa umevaa sweta Juni saa sita mchana huku picha yako dirishani inaungua.

Ushahidi unaupita kila siku. Tazama mabango ya wagombea baada ya uchaguzi. Miezi michache tu, sura zote zinakuwa za bluu. Nyekundu na njano zimeliwa na jua, imebaki bluu na nyeusi. Bluu ya uchapaji kwa kawaida ni ya familia ya PB15, inayovumilia mwanga kuliko wenzake. Kwa hiyo shabiki wa Simba ukiona bango lako limepauka huku kijani ya jirani yako wa Yanga bado inang'aa, usilete ushabiki. Ni kemia tu.

Kinachotokea ni hiki. Rangi nyingi zinazong'aa sana ni molekuli kubwa zilizoungwa kwa vifungo. Mwanga unavipiga vifungo hivyo siku baada ya siku hadi vinakatika, na molekuli iliyokatika haitoi tena rangi ile. Haisafishiki wala hairudi. Ukiongeza nyeupe ndani ya rangi kama hiyo inapauka haraka zaidi, kwa sababu chembe zenye rangi zimekuwa chache na zimetawanyika. Ndiyo maana uso wa babu ulikwenda mapema: nyekundu iliyowekwa shavuni ilikuwa kidogo, ndani ya nyeupe nyingi.

Hata mabingwa yaliwakuta. Vincent van Gogh, Mholanzi aliyechora Ufaransa, alitumia nyekundu moja iliyokuwa ikipauka. Mwaka 1888 alichora chumba chake cha kulala chenye kuta za zambarau. Leo watu wanaiona picha ile ina kuta za bluu, kwa sababu nyekundu iliyokuwa ndani ya zambarau imekwisha na bluu imebaki. Yaleyale ya mabango yetu.

Tyubu nzuri huandika daraja la kuvumilia mwanga. Alama hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, lakini za kawaida ni hizi:

- ASTM I ni bora kabisa, ASTM II ni nzuri. ASTM III na kuendelea, iache.
- Kwa Winsor & Newton, AA na A zinafaa. B na C, hapana.
- Kwa kampuni ya Talens ya Uholanzi, alama tatu za kujumlisha, yaani +++, ndizo za juu.
- Kuna kampuni zinazotumia nyota. Kabla hujahesabu nyota, tafuta maelezo ya kampuni yenyewe, maana nyota tatu za mmoja huenda zisiwe sawa na tatu za mwingine.

Inafunika au inapitisha?

Jambo la tatu nyuma ya tyubu ni uwezo wa kufunika. Mafundi rangi wanalijua hili vizuri: kuna rangi unapaka mkono mmoja na ukuta wa chini haonekani, na kuna nyingine unapaka mikono mitano bado unaona doa la zamani.

Kwenye tyubu huonyeshwa kwa kimraba kidogo. Mraba uliojazwa weusi maana yake rangi inafunika. Mraba mtupu maana yake inapitisha mwanga kama kioo chenye rangi. Uliojazwa nusu, au wenye mstari wa kukata katikati, uko kati ya hizo mbili. Wengine huandika tu "opaque" kwa inayofunika na "transparent" kwa inayopitisha.

Hapa hakuna nzuri wala mbaya, kila moja ina kazi yake. Inayofunika ni ya kurekebisha makosa, kupaka eneo kubwa na kuweka rangi nyepesi juu ya giza: herufi za bango, kola nyeupe ya shati, mwanga wa kwenye paji la uso. Inayopitisha ni ya kulaza tabaka jembamba juu ya tabaka lililokauka, ili la chini lionekane kupitia la juu. Ngozi zetu nyeusi zinapendeza sana zikichorwa hivyo: tabaka la kahawia ya joto chini, kisha juu yake bluu au kahawia inayopitisha kwenye vivuli. Uso unapata kina, hauwi kama kinyago kilichopakwa mkono mmoja.

Asiyejua hili hupoteza pesa. Ukipaka nyekundu inayopitisha juu ya mandhari meusi, inazama yote. Unarudia mara tatu, nne, tyubu inaisha, mteja anakuja jioni. Ungetandika kwanza tabaka linalofunika, nyeupe au udongo mwekundu, likakauka, ndipo ulaze nyekundu yako juu, tabaka moja au mawili yangetosha.

Tyubu sita za kuanzia

Habari njema sasa. Kwenye tyubu za kampuni kubwa kuna neno "Series" na namba, na hilo ni daraja la bei. Series 1 ndiyo ya bei ya chini. Na rangi nyingi zinazodumu kuliko zote, zile za udongo, ziko humohumo Series 1. Kwa hiyo kudumu hakumaanishi gharama kubwa. Ningekuwa na pesa ya tyubu sita tu za kuchora watu, ningechukua hizi:

1. PW6, nyeupe ya titani. Inafunika sana. Chukua tyubu kubwa maana itakwisha kabla ya nyingine. Nyeupe ya zinki, PW4, inapitisha zaidi, na kwenye mafuta hukauka ikawa ngumu na kupasuka kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo usiitegemee peke yake.
2. PY43 au PY42, njano ya udongo. Ya kwanza ni ya ardhini, ya pili ya kiwandani, zote ni imara.
3. PR101 au PR102, nyekundu ya udongo. Inadumu mno. Nyingi zinafunika, chache zimetengenezwa zipitishe, kwa hiyo tazama kimraba.
4. PBr7, kahawia. Iliyochomwa ina wekundu, isiyochomwa ina ubaridi. Huu ndio mhimili wa rangi ya ngozi.
5. PB29, bluu ya ultramarini. Inapitisha na haiogopi jua. Zamani ilisagwa kutoka jiwe la thamani la Afghanistan na kuuzwa ghali sana, hadi Ulaya walipopata njia ya kuitengeneza kiwandani miaka ya 1820.
6. PBk9 au PBk11, nyeusi. Ya kwanza ni ya mifupa iliyochomwa na hukauka polepole, ya pili ni ya chuma na hufunika vizuri.

Kwa hizi sita unamchora mtu yeyote kuanzia Kyela hadi Mafinga. Mwanzo wa ngozi ni kahawia na njano ya udongo. Kivuli kinapatikana kwa kuongeza bluu kidogo. Joto la shavu na mdomo linatoka kwenye nyekundu ya udongo. Mwanga unatoka kwenye nyeupe, lakini iwe kwa uchache, maana nyeupe nyingi huifanya ngozi nyeusi kuwa ya jivu.

Udongo hautatoa vitenge vinavyong'aa. Hapo ongeza moja moja kadiri kazi inavyoingia. Kwa nyekundu kali, PR254, au PR108 ambayo inafunika zaidi lakini ni ghali na ina kadimiamu. Kwa waridi na zambarau, PV19. Kwa njano kali, PY154, au PY35 ambayo nayo ina kadimiamu. Kwa kijani na bluu ya kung'aa, PG7 na PB15, ila weka tone dogo tu maana zina nguvu kama pilipili kichaa.

Rangi iliyo chini ya miguu yetu

Mtu wa nyanda za juu ana sababu ya kutabasamu asomapo PR102. Ni udongo mwekundu, wekundu unaotokana na chuma kilichoshika kutu. Jua linaharibu rangi kwa kukata vifungo vyake, lakini kutu ni chuma kilichokwisha kuliwa, hakina tena cha kuliwa.

Nenda Igeleke, karibu na mji wa Iringa, ukaone michoro mekundu ya watu na wanyama kwenye mwamba. Au panda hadi Kondoa, mkoani Dodoma, ambako michoro ya mapangoni iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mapango yale yamechorwa kwa angalau miaka 2,000. Waliochora hawakuacha hata jina, lakini nyekundu yao bado ipo.

Hata njano inageuka nyekundu mbele ya macho yetu. Mfyatua matofali anajua: tofali bichi la kahawia iliyofifia au njano linaingia kwenye tanuri, linatoka jekundu. Moto umefukuza maji yaliyofungwa ndani ya madini ya chuma. Viwanda vya rangi hufanya jambo hilohilo, na ndiyo maana tyubu huandikwa "burnt", yaani iliyochomwa.

Unaweza kujaribu mwenyewe. Chimba udongo wa chini, usio na mizizi wala weusi wa samadi. Usichukue udongo wa kwenye machimbo ya dhahabu, kama yale ya Chunya, ambako wachimbaji wadogo hutumia zebaki. Koroga udongo kwenye ndoo ya maji, subiri mchanga utulie chini, kisha mimina maji yenye tope kwenye ndoo nyingine na uyaache hadi unga ukae chini. Rudia mara mbili tatu. Anika, saga laini, funga kitambaa puani wakati wa kusaga, kisha uchanganye na linsidi kidogo kidogo juu ya kioo.

Kuna jirani zetu watakaosema, "Si tuna alizeti tele?" Hapana. Mafuta ya alizeti ya kupikia hukauka taratibu mno, hubaki yakinata na kukusanya vumbi. Yaacheni jikoni.

Jaribu kabla hujamlipisha mtu

Msiniamini mimi, wala tyubu. Pimeni.

Kwa kupima kufunika, chukua kipande cha mbao au kadibodi uliyokwisha kupaka nyeupe, chora juu yake mstari mnene mweusi na uache ukauke. Pitisha kila rangi yako juu ya mstari huo kwa unene uleule. Mstari ukipotea, rangi inafunika. Ukionekana wazi, inapitisha. Andika namba pembeni, utundike kipande hicho ukutani mwa karakana.

Kwa kupima jua, paka kila rangi vipande viwili: kimoja rangi tupu, kingine ikiwa imechanganywa na nyeupe. Vikikauka, funika nusu ya kila kipande kwa karatasi ya aluminiamu ya kufungia chakula, kisha uvibandike kwenye dirisha linalopata jua la asubuhi au la jioni. Anza Mei au Juni mvua zikiisha, uviache hadi Oktoba, anga ikiwa wazi. Andika tarehe. Kila mwezi funua uangalie. Ukiona mpaka kati ya upande uliofunikwa na uliofunuliwa, rangi hiyo si ya kumuuzia mtu. Ni kitu kilekile tulichokiona chini ya fremu ya babu, ila hapa unakiona kabla ya mteja.

Neno kuhusu sumu

Rangi nzuri isimdhuru aliyeichora. Tyubu yenye PW1, PY34 au PR104 ina risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Ziepuke, hasa kama karakana yako ni sebule. Za kadimiamu zisipigwe msasa wala kupulizwa. Usinyooshe brashi kwa mdomo, usile ukiwa na rangi mikononi, fungua dirisha unapotumia thina, na matambara yenye linsidi yatandaze nje yakauke. Ukiyarundika yanaweza kupata joto yenyewe na kuwaka moto.

Kwa yule kijana wa Iringa

Mdogo wangu, wewe si tapeli. Ila kuanzia leo umejua, na anayejua hana kisingizio. Mteja akija, mwonyeshe kipande chako cha dirishani, mwambie rangi ipi umetumia, na mshauri asitundike picha mahali panapopigwa na jua moja kwa moja, hata kama rangi ni bora. Nyuma ya turubai andika tarehe na namba za rangi ulizotumia. Siku ikihitaji kurekebishwa, wewe au mwingine atajua pa kuanzia.

Mchoraji wetu alifanya hivyo. Hakurudisha pesa, alirudisha kitenge. Alitandika PR101 chini, ikakauka, akalaza PR254 juu, na sisi tukaihamishia picha ukuta usiotazamana na dirisha. Kila nikienda Tukuyu naifungua fremu pembeni kidogo nilinganishe ukingo uliofichika na ulio wazi. Mpaka sasa sijaona mpaka kati yao. Bibi hunicheka, anasema yeye hahitaji kufungua fremu, anakijua kitenge chake.

Una swali, au umechimba udongo wa kijijini kwenu ukapata rangi? Tutumie ujumbe au picha kupitia namba za kipindi, tutazungumza hewani. Na ukienda dukani kesho, usiwe na aibu. Geuza tyubu, usome nyuma.